TAHADHARI: Yule muuza "kipimo cha saratani cha mitokondria" amerudi Kisumu

Watu wa Kisumu, Ahero na Maseno, yule jamaa wa koti jeupe amerudi. Sasa yuko upande wa Kondele, na bado anadai Sh15,000 kwa M-Pesa kabla hajafungua hata kijiti cha pamba.

Anakupangusa shavu kwa ndani, unaondoka. Ukirudi anakuwekea mezani karatasi yenye mistari myekundu: 263G, 750G, 1438G, 4769G, 8860G, 15326G (nambari ni mahali kwenye DNA, G ni herufi iliyopo hapo). Anashusha kalamu polepole, mstari kwa mstari. "Mama, haya yote ni mabadiliko ya saratani." Nani hatatetemeka? Msiwacheke waliolipa, kwa sababu nambari zenyewe ni za kweli. Uongo uko kwenye maana. DNA ya mitokondria, yaani vile vijisehemu vya seli vinavyotengeneza nishati, ina herufi 16,569, na husomwa kwa kulinganishwa na mfuatano wa rejea uliochapishwa Uingereza 1981, ukasahihishwa 1999. Mfuatano huo ni wa ukoo wa Ulaya, na katika sehemu hizo sita wenyewe ndio wenye herufi adimu. Karibu kila binadamu, mzima au mgonjwa, hutofautiana nao hapo. Sisi Waafrika hutofautiana nao katika makumi ya sehemu nyingine, tulizorithi kwa mama zetu tu. Huyu mwizi anamuuzia mtu ukoo wake kama ugonjwa!

Halafu vidonge vya "kusafisha mitokondria". Ukishavimaliza anakupima tena, na asilimia ya nakala za DNA zenye "mabadiliko" imeshuka kweli. Imeshukaje? Mara ya kwanza alipangusa shavu, mara ya pili alichukua damu. Seli moja ina mamia hadi maelfu ya nakala za DNA hii, na si lazima zote zifanane. Watafiti wa Johns Hopkins, Marekani, walionyesha mwaka 2010 katika jarida la Nature kwamba mchanganyiko huo upo hata kwenye seli zisizo na saratani, na kiwango chake hubadilika kutoka tishu moja hadi nyingine ndani ya mwili uleule. Anajua. Ndiyo maana hachukui sampuli ya aina moja mara mbili.

Uvimbe wenyewe haugusi. Anayetafuta mabadiliko ya saratani kwa haki hulinganisha kipande cha uvimbe na tishu isiyo na ugonjwa ya mgonjwa huyohuyo, na hata hivyo saratani huthibitishwa kwa biopsi, yaani kutoa kipande cha uvimbe na kukichunguza maabara. Kuna mama ana uvimbe kwenye titi, ameacha biopsi kwa sababu "asilimia imeshuka". Huyu mtu afungwe, na pesa za watu azirudishe zote!

Ukutani hana leseni ya bodi ya maabara, risiti hatoi, na mwenye nambari ya M-Pesa si yeye. Mliolipa, msifute ujumbe wa malipo wala msichane ile karatasi. Nendeni nayo kituo cha polisi, mwandikishe, mpewe nambari ya OB (kitabu cha matukio). Na mwenye uvimbe aende hospitali ya rufaa wiki hii, asingoje kesi.