From Here to Eternity ya Giorgio Moroder: upande A nausikiliza kila siku

Aisee mimi nipo hapa München mwaka wa tatu, napanda treni ya U4 mpaka mwisho pale Arabellapark kwenda kazini, na siku zote hizo nilikuwa napita karibu na jengo la Arabellahaus bila kujua kwamba kule chini kabisa ndiko ilikuwa studio ya Musicland ya Giorgio Moroder, mtunzi na mtayarishaji wa muziki wa disko, hiyo hiyo waliyokuja kurekodi Queen, Rolling Stones na Led Zeppelin. Siku nilipojua nikasema huyu mzee lazima nimsikilize vizuri, nikaingia duka la santuri za mitumba, nikatoa euro 20 nikaondoka na albamu yake From Here to Eternity, ya mwaka 1977.

Wengi wetu tunamjua bila kumjua. Take My Breath Away ya filamu ya Top Gun ni kazi yake, What a Feeling ya Irene Cara ni kazi yake, zote zilimpa Oscar, na kabla ya hapo alishapata nyingine kwa muziki wa filamu ya Midnight Express. Lakini hizo nyimbo wameziimba wengine. Hii anaimba mwenyewe, sauti imepitishwa kwenye vokoda, kile kifaa cha kugeuza sauti ya mtu iwe kama ya roboti, mpaka inatoka kama mashine imejifunza kubembeleza, na mimi nilidhani itanichosha dakika ya tatu, wapi!

Upande A hauna mapumziko. Nyimbo zinaingiana moja hadi nyingine kama robo saa hivi, biti haikatiki, besi inazunguka inazunguka, halafu polepole unaanza kusikia vitu vidogo vinabadilika, kidude cha juu kinaingia, kingine kinatoka, na ule wimbo wa kwanza unarudi tena mwishoni. Nyuma ya kava kaandika kabisa kwamba zimetumika kibodi za umeme tu. Mwaka 1977! Ni mwaka ule ule aliotoa wimbo wa I Feel Love na mwimbaji Donna Summer na mtayarishaji mwenzake Pete Bellotte, na ile sintesaiza ya Moog, kinanda cha kutengeneza sauti kwa umeme, ilikuwa inapoteza tyuni hovyo, wakawa wanarekodi vipande vifupi vifupi kabla haijaharibu, na dundo la chini ilibidi mpiga ngoma Keith Forsey apige ngoma mwenyewe kwa mguu maana mashine haikutoa dundo zito la kutosha. Ukijua hayo halafu ukaisikia besi ya hii santuri unaelewa watu walihangaika, hakuna kompyuta ya kuwanyooshea.

Kinachonigusa zaidi ni alikotoka. Kazaliwa 1940 Ortisei, kamji ka milimani kaskazini ya Italia, kaondoka na gitaa lake kupiga kwenye mahoteli, na mwenyewe kasimulia kwenye ule wimbo wa kundi la Daft Punk wa 2013 kwamba alikuwa anaimba kwenye disko huku Ujerumani akimaliza analala kwenye gari. Mgeni, na sauti aliyoitengeneza hapa mjini imeingia kwenye muziki wa klabu dunia nzima. Mimi kama mgeni mwenzake hilo naliwaza sana nikiwa kwenye treni.

Upande B si wa kiwango kile. First Hand Experience in Second Hand Love ni tamu, inachezeka, lakini nyimbo zinasimama moja moja na ule mvuto wa kusafirishwa unapotea, I'm Left, You're Right, She's Gone mimi naona nyepesi. Na kopi yangu ina mkwaruzo hapo hapo mwanzoni mwa upande B, sindano inaruka mara mbili, wakati muuzaji aliniapia ni safi kabisa, kwa hiyo ukinunua ya mtumba omba uishike, uigeuze kwenye mwanga kabla hujatoa hela.

Kama huna pleya ya santuri sikiliza kwenye simu ila zima shafo, ile ya kuchanganya mpangilio wa nyimbo, na weka earphone zote mbili masikioni, spika ya simu inaimeza besi yote. Albamu nzima ni kama nusu saa tu. Leo Jumapili nimeurudia upande A mara 4 na chai imepoa mezani.