Lenzi ya bei nafuu kwa kamera ndogo: uliza kwanza inakaribia kitu kiasi gani

Mwaka jana nilinunua lenzi ambayo kila niliyemuuliza aliisifu, nikaijutia kabla jua la siku ileile halijazama. Ninatengeneza hereni za shanga, na picha ndizo zinazoniletea wateja, kwa hiyo nilitafuta lenzi ya bei ya kadiri itakayochukua nafasi ya ile iliyokuja na kamera yangu. Nilitandaza kitambaa cheupe karibu na dirisha, nikaweka hereni moja juu yake, nikainama na kubonyeza kitufe nusu. Kisanduku cha kijani, kinachoonyesha kwamba fokasi imekubali na kitu kinaonekana kwa ukali, hakikutokea. Mota ya lenzi ilikwenda mbele, ikarudi nyuma, ikaenda tena mbele kwa mlio mwembamba kama wa mbu, na hereni ikabaki doa jekundu lisilo na kingo. Nilirudi nyuma kidogo kidogo hadi kamera ilipokuwa nusu mita kutoka mezani. Hapo ndipo kisanduku kilipowaka, lakini hereni yenye urefu wa sentimita 4 ilikuwa imekuwa punje tu katikati ya kitambaa kitupu.

Lenzi haikuwa mbovu. Iliundwa isiweze kuona vizuri kitu kilicho karibu kuliko nusu mita, na jambo hilo lilikuwa limeandikwa kwenye karatasi iliyokunjwa chini kabisa ya boksi, mahali ambapo mnunuzi hufika akiwa ameshalipa.

Ndiyo maana mwongozo huu hauzungumzii ukali wa picha, wala ule ukungu laini wa nyuma ambao kila mwandishi wa mambo ya kamera huutukuza. Lenzi nyingi za sasa za kamera zisizo na kioo cha kuakisi ndani (mirrorless) zina ukali wa kutosha, na ukungu huo umeshaandikiwa vya kutosha. Ninashughulika na kikomo cha ukaribu, kwa sababu ndicho kinachoamua kama utaweza kupiga picha ya chakula ukiwa umekaa mbele ya sahani yako, ya mtoto mchanga aliyelala mapajani mwako, ya ua, ya pete au ya ukurasa wa kitabu, bila kuinuka na kurudi nyuma.

Kikomo hicho huandikwa kwa tarakimu mbili, na wengi huangalia ile isiyosaidia sana. Ya kwanza ni umbali, kwa mfano sentimita 30. Umbali huo haupimwi kutoka kwenye kioo cha mbele cha lenzi, bali kutoka kwenye sensa, kile kipande ndani ya kamera kinachopokea mwanga na kutengeneza picha. Juu ya kamera nyingi kuna alama ndogo ya duara lililokatwa na mstari, na mstari huo ndio unaoonyesha sensa ilipo. Kwa hiyo lenzi ndefu na lenzi fupi zenye kikomo cha sentimita 30 hazikuachii nafasi sawa mbele yake. Isitoshe, lenzi inayoona eneo pana inaweza kusogea karibu sana na bado ikaonyesha kitu kikiwa kidogo.

Tarakimu inayosema ukweli ni ya pili, yaani kiwango cha ukuzaji, ambacho huandikwa kama 0.15 au kama uwiano wa 1:7, yaani moja gawanya kwa saba. Chukua upana wa sensa yako, ugawanye kwa kiwango hicho, na utapata upana wa kitu kidogo kabisa kitakachojaza picha kutoka ukingo hadi ukingo. Sensa ya APS-C, saizi iliyo katika kamera nyingi ndogo, ina upana wa takriban milimita 23.5, ya Canon ya aina hiyo ni takriban milimita 22.3, na ya Micro Four Thirds, saizi ndogo zaidi ya kamera za Olympus na Panasonic, ni milimita 17.3. Lenzi yenye ukuzaji wa 0.15 kwenye APS-C itajazwa na kitu cha milimita 157, yaani kipana kuliko kiganja cha mtu mzima. Hereni yangu ya milimita 40 ingechukua robo ya upana huo. Hesabu hii haimalizi dakika moja, na kama ningeifanya mapema nisingenunua nilichonunua.

Hesabu hiyohiyo ilinifunulia jambo lililonichoma zaidi. Lenzi ndogo ya Sony ya milimita 16 hadi 50 (tarakimu hii ikiwa ndogo lenzi huona eneo pana, ikiwa kubwa huona jembamba), ile nyembamba iliyouzwa pamoja na kamera kama a6000 na ambayo kila mshauri humwambia mwenye kamera aiondoe haraka, ina ukuzaji wa 0.215. Kitu cha milimita 109 kinaijaza. Lenzi nyingi zisizo na zumu, yaani zenye milimita moja tu isiyobadilika, zinazopendekezwa kuchukua nafasi yake hazifiki hapo. Mtu anayepiga vitu vidogo anaweza kulipa pesa zaidi na kurudi nyumbani na uwezo mdogo kuliko aliokuwa nao asubuhi.

Katika orodha yangu, nafasi ya kwanza naipa Sigma 18-50mm f/2.8 bila kusita (tarakimu ya f ni ya apacha, tundu la kupitishia mwanga; ikiwa ndogo, mwanga mwingi huingia), na nikiri wazi kwamba naipenda kampuni hii. Ilitoka mwaka 2021 kwa kamera za Sony na za maunti ya L (maunti ni kiungio cha lenzi na kamera), mwaka uliofuata ikaja ya Fujifilm, na mwaka 2024 ya Canon. Ina uzito wa gramu 290 hivi, kwa hiyo haiielemei kamera ndogo. Kwenye milimita 18 hukaribia hadi sentimita 12.1 kutoka kwenye sensa, na ukitoa urefu wa lenzi yenyewe unabaki na karibu sentimita 3 tu mbele ya kioo. Ukuzaji wake hapo ni 1:2.8, kiasi kwamba kitu cha milimita 66 kinajaza picha. Ukiwa karibu hivyo kivuli cha lenzi huweza kuanguka juu ya kitu, na vitu vya pembeni huvutika. Kwa hereni mimi huizungusha hadi milimita 50, ambako ukuzaji ni 1:5 lakini umbo la kitu hubaki kama lilivyo, halafu nakata kingo za picha. Haina kitulizi cha mtikisiko ndani yake, na kama kamera yako pia haina, jioni utahitaji mkono thabiti au stendi. Si lenzi ya bei ya chini kabisa katika orodha hii. Ninaiita nafuu kwa sababu inaondoa haja ya kununua mbili, na kwa sababu Sigma, ambao hutengeneza lenzi zao Aizu nchini Japani, huweka kikinga mwanga ndani ya boksi. Kipande hicho cha plastiki kinachozuia miale ya pembeni kinagharimu kidogo sana kukitengeneza, na bado zipo kampuni zinazokiuza peke yake kwa bei inayonikasirisha kila ninapoiona.

Ya pili ni Canon RF 50mm f/1.8 ya mwaka 2020, kwa wenye kamera ndogo za Canon kama R50 na R10. Ina gramu 160, inakaribia hadi sentimita 30, na ukuzaji wake ni 0.25, maana yake kitu cha milimita 89 kinaijaza. Kwa lenzi ya kawaida isiyojiita ya vitu vidogo, hicho ni kiwango cha kusifiwa. Hasara yake ni kwamba kwenye kamera hizo inaona eneo jembamba, hivyo ndani ya chumba kidogo hutaweza kuwaingiza watu watano kwenye picha moja.

Mwenye kamera ndogo ya Nikon ninampeleka kwenye Nikkor Z DX 24mm f/1.7 ya mwaka 2023. Gramu 135, sentimita 18, ukuzaji wa 0.19. Kitu cha milimita 124 kinaijaza, na kwa matumizi ya kila siku upana wake ni mzuri kuliko ule wa Canon niliyoitaja.

Micro Four Thirds ni habari tofauti kidogo. Kwa hesabu tupu, Olympus 30mm f/3.5 Macro ya mwaka 2016 inazishinda zote, kwani ukuzaji wake ni 1.25 na uzito wake ni gramu 128 tu. Shanga moja inaweza kujaza picha nzima. Siipi nafasi ya juu kwa sababu kwenye kikomo chake cha sentimita 9.5 kitu kinakaribia kugusa kioo, mwanga unakosa pa kupitia, na f/3.5 haitoshi ndani ya nyumba usiku. Ikiwa vitu vidogo ndiyo kazi yako, inunue na usiangalie nyingine. Ikiwa unataka lenzi ya shughuli zote, Panasonic 20mm f/1.7 ni nyepesi na nzuri, ila fokasi yake ni ya polepole na ukuzaji wake ni 0.13.

Mwishoni naziweka mbili zinazosifiwa kuliko zote: Sigma 30mm f/1.4 na Fujifilm XC 35mm f/2. Hii ya Fujifilm, iliyotoka mwaka 2020, ina vioo vilevile vya ndugu yake wa bei kubwa, ikiwa imenyimwa pete ya kuzungushia apacha na kinga ya vumbi na maji, na kwa hilo naiheshimu. Lakini kikomo chake ni sentimita 35 na ukuzaji wake ni 0.135. Sigma ya 30mm, pamoja na mapenzi yangu yote kwa kampuni hiyo, ina ukuzaji wa 1:7. Ni lenzi ya sura za watu na ya usiku, na hapo hufanya kazi nzuri mno. Kwa vitu vilivyo mezani, yeyote aliyekushauri uinunue hakukuuliza unapiga nini.

Kuhusu lenzi za bei ya chini zisizo na fokasi ya mota, kama nyingi za TTArtisan na 7Artisans, sina mengi. Kwa kitu kisichosogea zinafaa, mradi usome kikomo kwanza.

Ninachowadai wauzaji ni kidogo. Apacha huandikwa kwa herufi kubwa, f/1.4, f/1.8, na bei hupanda kadiri tarakimu hiyo inavyoshuka, lakini ukiuliza ukuzaji muuzaji hukutazama kana kwamba umemtukana. Dukani hukuambia uelekeze kamera mlangoni au kwa mtu aliye mbali, ambako kila lenzi hupendeza. Neno "macro", yaani lenzi ya vitu vidogo, hubandikwa kwenye matangazo ya lenzi ambazo haziwezi kujaza picha kwa kitu kidogo kuliko kiganja. Niliporudisha yangu kesho yake, nilijibiwa kwamba boksi limeshafunguliwa, ilhali karatasi yenye kikomo ilikuwa ndani ya boksi hilohilo lililofungwa. Sasa hivi naingia dukani na rula ndogo mfukoni. Ninailaza kaunta, nafunga lenzi kwenye kamera yangu, nasogea hadi fokasi inapokataa, narudi nyuma nywele moja, napiga, kisha nahesabu milimita zilizoingia kwenye picha. Muuzaji akikataa nifunge lenzi, naondoka.

Ile ya mwanzo bado ninayo. Niliinunulia pete tupu ya milimita 16, isiyo na kioo ndani, ambayo hukaa kati ya kamera na lenzi. Kwenye lenzi ya milimita 50 pete kama hiyo huongeza ukuzaji kwa takriban 0.32, na bei yake ni sehemu ndogo ya bei ya lenzi. Nunua yenye vidole vya umeme, vile vipande vya chuma vinavyounganisha lenzi na kamera, la sivyo fokasi ya mota itakufa. Pete ikiwa mahali pake, chochote kilicho zaidi ya takriban sentimita 20 mbele ya lenzi huwa ukungu mtupu, kwa hiyo haifai kutembea nayo. Imekaa hapo kwenye kamera yangu ya zamani, karibu na dirisha, na hereni sasa zinajaza picha hadi ncha ya ndoano.