Ford ya mtumba huku Marekani: nunua injini, usinunue nembo

Haya wadau, nimechoka kujibu hili swali kwa voisi noti kila wiki, naandika mara moja yaishe. Mtu kafika huku Ohio, kapata kazi ghalani au kiwanda cha nyama, zamu inaanza saa kumi na moja alfajiri na basi la muda huo halipo, kwa hiyo gari sio mambo ya kujidai, gari ndio kazi yenyewe. Anaangalia Toyota anaona bei inapaa, anaangalia Ford ya mwaka uleule na maili zilezile anaona imepoa kabisa, anakuja kuniuliza: "kaka, Ford ni nzuri?"

Hilo swali halina jibu. Ni kama kuuliza mama ntilie fulani anapika vizuri, wakati maharage yake yanakulambisha vidole na wali wake leo umeungua. Ford mbili aina ya Escape, mwaka mmoja, rangi moja, zimeegeshwa sambamba, moja itakupeleka kazini miaka sita na nyingine inakunywea maji ya rejeta kimyakimya mpaka injini inakufa ukiwa barabara kuu na mtoto nyuma. Tofauti yao sio nembo wala bahati, tofauti ni namba ya injini, yaani ukubwa wake kwa lita, kama 2.5 au 1.5.

Kidogo historia maana inasaidia kuelewa bei na tabia zao. Henry Ford alifeli kampuni mbili kabla ya hii, ile ya pili wenzake walibaki nayo ikageuka kuwa Cadillac. Ford Motor Company ikaanzishwa Juni 1903 hapo Detroit, mwaka 1908 ikatoka Model T, na 1913 pale Highland Park wakaanza ule mstari wa kuunga gari huku inasogea, chesisi iliyokuwa inachukua zaidi ya masaa 12 ikawa inachukua kama saa moja na nusu. Januari 1914 akatangaza dola 5 kwa siku, watu walimiminika Detroit kama mgodi umefumuka. Mpaka 1927 Model T zaidi ya milioni 15 zilishatoka, gari ya mtu wa kawaida, ya kutengeneza mwenyewe kwa nyundo na waya. Hapo Ford walikuwa wanajua kitu kimoja: gari rahisi, nyingi, ngumu.

Wakikaa kwenye hicho kitu wako vizuri. Wakikimbizana na muda wanaumbuka. Pinto ya miaka ya 70 tenki la mafuta lilikaa nyuma vibaya, ukigongwa nyuma linaweza kuwaka, 1978 wakaziita kama milioni moja na nusu zirudi. Halafu 2006 kampuni iko hoi, wakamleta Alan Mulally kutoka Boeing awe bosi, wakakopa dola bilioni 23.6 wakaweka rehani mpaka ile nembo ya yai la bluu, ndio maana 2009 GM na Chrysler wanafilisika Ford walibaki wamesimama. Sasa zile gari za baada ya hapo, kuanzia 2011 hivi, mafuta yamepanda bei na kila kampuni inataka gari ndogo inayonusa wese tu, ndio zilizojaa mtumba sasa hivi na ndio zenye mitego. 2018 wakatangaza wanaachana na saluni zote huku Marekani isipokuwa Mustang, kwa hiyo Fusion na Focus ni gari zilizofiwa na wazazi, ndio sababu moja bei yake ni laini.

Haya orodha. Hii ni kwa mtu mwenye kama dola 6,000 mpaka 12,000, anataka kwenda kazini na kanisani au msikitini, sio kupiga picha.

Namba moja: Fusion, lakini haibridi au ile 2.5 isiyo na tabo

Hii nitakaa nayo kidogo maana ndio ninayowaambia watu wengi. Haibridi ni ya petroli na umeme pamoja, tabo ni kifaa kinachosukumia injini hewa ya ziada. Fusion haibridi ya 2010 mpaka 2012 ina injini ya 2.5 na gia boksi isiyo na mikanda wala klachi za kuchakaa, ni meno na mota za umeme tu, mfumo wa ukoo mmoja na ule uliokuwa kwenye Escape haibridi, na Escape haibridi ndio zilizoingia kuwa teksi New York kuanzia 2005. Jamani teksi ya New York, gari inalala saa ngapi? Kama kitu kinavumilia pale, safari yako ya dakika 25 kwenda ghalani ni mapumziko. Kwa karatasi inakupa maili 41 kwa galoni mjini.

Ya 2013 mpaka 2020 ina sura nzuri zaidi, injini imekuwa 2.0, na hapo Ford walijitapa maili 47 kwa galoni halafu 2014 wakalazimika kushusha mpaka 42 baada ya kupima upya. 42 bado ni hela. Kitu cha kuangalia kwenye hizi, hasa za miaka ya mwanzo, wenye nazo wanalalamikia bearing ya gia boksi, kwa hiyo ukijaribu zima redio, funga vioo, nenda maili 30 mpaka 45 usikilize kama kuna mvumo unaopanda na mwendo. Ukiusikia rudisha funguo.

Huna hela ya haibridi? Chukua yenye 2.5 ya kawaida, za 2010 mpaka 2018 zipo nyingi. Haina mbio, ukikanyaga inaguna kama mzee anayeinuliwa kwenye kiti, lakini fundi yeyote anaijua na spea zimejaa kwenye makaburi ya magari. Kibushi cha kebo ya gia kiliwatesa, kikioza unaweka P (ya kuegesha) na gari haiko kwenye P, inatembea yenyewe, hiyo ni rikoli, yaani kampuni imeziita zirudi, na wanatengeneza bure, na hadi ikitengenezwa usiache kuvuta handbreki.

Namba mbili: F-150

Pikapu inayouzwa kuliko zote huku tangu 1977, kwa hiyo spea sio tatizo na kuiuza sio tatizo. Kama unafanya kazi ya kuhamisha watu, kukata majani, kupaka rangi, hii inajilipa. Chukua 2011 kwenda juu yenye V8 (silinda nane) ya 5.0, au ile 2.7 ya tabo iliyoanza 2015. Ndio, nasema tabo, tofauti na zile tabo ndogo nitakazozitukana hapo chini, hii 2.7 imejijengea jina zuri. Kuanzia 2015 bodi ni aluminiamu, na kwa sisi tunaoishi kwenye chumvi ya barabarani, ile ya kuyeyusha theluji inayotafuna chuma, hilo ni jambo kubwa, ila chesisi chini bado ni chuma kwa hiyo lala chini uangalie. Zile 5.0 za 2018 mpaka 2020 wengine wanasema zinakunywa oili, pima dipstiki kabla hujawasha. Gia boksi ya gia 10 inashtuka shtuka ikiwa baridi, wapo walioizoea na wapo walioiuza.

Ila ukiona F-150 ya 2004 mpaka 2008 bei ya kutupa na ina 5.4, ujue kwanini ni ya kutupa. Plagi zake zilitengenezwa vipande viwili, ukizifungua zinakatikia ndani ya silinda hedi, fundi anakuangalia na wewe unamuangalia. Ukiskia inagonga tak tak tak ikiwa imepata moto, hiyo ni mambo ya taimingi, achana nayo.

Namba tatu: Grand Marquis au Crown Victoria

Grand Marquis ina nembo ya Mercury, chapa ndugu ya Ford. Watoto wanacheka, acha wacheke. Gari ya babu, V8 ya 4.6, bodi imekalishwa juu ya chesisi kama lori, mfumo wa kizamani walioushika tangu mwisho wa miaka ya 70 mpaka ya mwisho kabisa ikatoka kiwandani St. Thomas, Canada, Septemba 2011. Polisi na teksi za Marekani nzima zilikuwa hizi. Tafuta Grand Marquis ya mzee aliyekuwa anaenda kanisani na dukani tu, usikimbilie iliyokuwa ya polisi maana ile injini imekaa inanguruma imesimama masaa kibao na maili za kwenye dashibodi hazikwambii hilo. Za 1996 mpaka 2001 zina manifoldi ya plastiki inayopasuka, kwa hiyo anza 2003 kwenda juu. Inakula wese, sikudanganyi, na inasukumwa na matairi ya nyuma, theluji ikianguka weka mifuko miwili ya mchanga kwenye buti vinginevyo unacheza sindimba kwenye mataa.

Namba nne: Escape ya 2.5

Za 2013 mpaka 2019, daraja la chini kabisa linaloitwa S ndio lenye 2.5 isiyo na tabo. Viti vya kitambaa, haina mbwembwe. Muuzaji atakwambia ile ya juu ina paa la kioo kwa dola mia nane zaidi tu. Mwambie asante.

Namba tano: Explorer ya 2011 mpaka 2019, kwa mwenye watoto wanne na moyo mgumu

Gari nzuri kukaa, safu tatu, watoto wanaenea. Ila ile V6 ya 3.5 pampu ya maji wameificha ndani ya injini inazungushwa na cheni ya taimingi. Pampu ikifa maji yanaingia kwenye oili, unafungua kifuniko cha oili unakuta chai ya maziwa, na hapo injini iko njiani kwenda zake. Kubadilisha hiyo pampu ni kazi ya kufungua mbele yote, fundi anahesabu masaa na wewe unahesabu bili. Kwa hiyo nunua ambayo mwenye nayo ana risiti kwamba imeshabadilishwa, au toa bei ya pampu kwenye bei ya gari. Ajabu ni kwamba injini ya ukoo huohuo ikiwekwa kwa urefu kwenye F-150 au Transit, pampu iko nje, unaibadilisha bila kilio.

Kwa wachungaji na wenye mabasi ya wafanyakazi, maana najua mpo: zile Econoline E-350 za watu 15 injini hazisumbui sana lakini serikali ya huku ilitoa onyo zaidi ya mara moja kwamba zikijaa zinapinduka kirahisi, uzito unakaa juu na nyuma. Kwaya nzima ndani, mizigo juu ya paa, na matairi ya zamani, hapana. Transit iliyoziba nafasi yake 2014 imetulia zaidi barabarani, ila za 2015 mpaka 2017 ziliitwa kwa sababu ya kiungo cha mpira kwenye propela shafti kinachopasuka, hakikisha kimeshughulikiwa.

Usiguse

Focus ya 2012 mpaka 2016 na Fiesta ya 2011 mpaka 2016 zenye gia ya otomatiki. Ile sio otomatiki ya kawaida, ni klachi mbili kavu zinazoendeshwa na kompyuta, zinatetemeka ukiondoka kwenye taa, zinasita, nyingine zinapoteza nguvu kabisa katikati ya makutano. Wenye nazo waliungana wakaenda mahakamani, na 2019 gazeti la Detroit Free Press likaanika kwamba ndani ya kampuni wahandisi walishaonya mapema. Ukipata Focus ya gia za mkono, hiyo chukua kabisa, ni gari tamu, na wewe umejifunzia kwenye Hiace ya Mbezi gia za mkono sio shida yako.

Na Escape za tabo ya 1.6 na 1.5. Ya 2013 yenye 1.6 ilikuwa na balaa lake, Julai 2012 Ford waliwaambia wenye nazo wasiziendeshe kabisa kwa hatari ya moto, rikoli zikafuatana. Ya 1.5 kwenye Escape na Fusion, hasa 2017 mpaka 2019, maji ya rejeta yanapenya yanaingia kwenye silinda. Dalili: kiwango cha maji kinashuka bila kuvuja chini, na asubuhi ikiwaka baridi inatoa moshi mweupe na kutetemeka.

Ndio maana mwambie muuzaji asiiwashe gari kabla hujafika. Mkono kwenye boneti, ikiwa ya moto kuna kitu anaficha. Herufi ya nane ya zile namba 17 za chesisi ndio inayotaja injini, usitegemee mdomo wa mtu, na namba hizohizo ukiziingiza kwenye tovuti ya NHTSA, shirika la serikali la usalama barabarani, inakuletea rikoli zisizofanyiwa kazi, bure. Matengenezo ya rikoli pia ni bure kwa dila (muuzaji rasmi) wa Ford hata kama wewe ni mmiliki wa tano, ilimradi gari ilikuwa haijapita miaka 15 rikoli ilipotangazwa. Watu hawajui hili wanalipa fundi wa mtaani hela zao.

Kama mpango ni kuipeleka nyumbani baadaye: usukani uko kushoto. Congo, Burundi na Rwanda wanaendesha upande wa kulia wa barabara kwa hiyo inakaa sawa. Kenya hawasajili usukani wa kushoto na hawataki gari ya zaidi ya miaka 8, usijisumbue.

Na kadi ya gari, huku wanaita taito, isome kabla ya kutoa hata dola. Ikiwa imeandikwa salveji, ilishagongwa au kuzama bima ikaikata tamaa. Mimi gari yangu ya kwanza huku, kampuni siitaji, taito ilikuwa safi, rangi inang'aa, nikalipa keshi Jumamosi jioni nikiwa na haraka ya zamu ya Jumatatu. Fundi alipoipandisha juu wiki iliyofuata akachomeka bisibisi kwenye chesisi ikaingia mpaka mpini. Kumpa fundi akague kabla ningelipa kama dola 150.