EliteBook ya kizazi cha 6 baada ya Windows 10: usiiuze kwa hofu

Mambo zenu, karibuni tena. Mezani leo nina laptopu ambayo wengi wenu mnayo, au mdogo wako anasomea nayo chuo: HP EliteBook 840 G3. Skrini inchi 14, prosesa ya Intel ya kizazi cha 6, Core i5-6300U, RAM GB 8, SSD ya GB 256. Ni mashine ya mwaka 2016. Imefanya kazi ofisini Ulaya, ikapakiwa kwenye kontena, ikashushwa Kariakoo. Ngoja niigeuze muione vizuri. Kasha gumu, kibodi bado inabonyea kama mpya, na ukifungua huu mfuniko wa chini unakuta nafasi mbili za RAM, SSD unaitoa kwa skrubu moja. Laptopu nyingi mpya za bei ya chini hazikupi nafasi hiyo, RAM imechomelewa kwenye bodi, umeipata hivyo, basi.

Sasa, tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft walisitisha huduma ya bure kwa Windows 10. Na hii mashine wanasema haifai kwa Windows 11. Mimi nasema uamuzi huo si wa haki, na nitawaeleza kwa nini. Lakini pia kuna hatari ya kweli ndani yake, na sitaificha.

Kilichonifanya niwashe kamera ni simu ya mama mmoja mwenye steshenari huku Mbagala. "Mwanangu, wanasema kompyuta yangu inazimwa." Nikamuuliza nani kasema. Kumbe skrini nzima ilijaa tangazo la Kiingereza, akamwita fundi, fundi akamwambia hiyo laptopu haina thamani tena, amwachie, aongeze na hela kidogo achukue nyingine. Mashine hiyo ndiyo inayochapa barua za wateja, CV, maombi ya kazi, picha za pasipoti. Ada ya watoto inatoka hapo. Na ilikuwa karibu iondoke kwa bei ya kutupa, kwa sababu ya tangazo ambalo hakuna aliyemfafanulia.

Kwa hiyo tuliweke wazi kabisa: Windows 10 haijazimwa. Itawaka leo, kesho na mwakani. Faili zako zipo, printa itachapa. Kilichokoma ni viraka vya usalama vya kila mwezi. Tundu likigunduliwa leo ndani ya mfumo, mashine ambayo haijaandikishwa kwenye mpango wa viraka vya ziada, nitakaoueleza mbele, haizibwi.

Kwa nini basi haipandi kwenda Windows 11? Mfumo huo ulitoka tarehe 5 Oktoba 2021, na sharti lililowaumiza watu wengi ni prosesa. Kwa Intel wanataka kizazi cha 8 kwenda juu. Hii ni ya 6. Wanataka pia TPM 2.0, ile sehemu inayotunza funguo za usimbaji. RAM wanataka GB 4 tu na diski GB 64, hayo hapa yamepita mara mbili na zaidi.

Microsoft walitoa sababu zao, nami nazisoma kama walivyozitoa. Walisema kwenye majaribio, mashine zisizokidhi masharti zilipata asilimia 52 zaidi ya mfumo kuanguka kuliko zinazokidhi. Walisema pia kinga mpya za usalama zinahitaji prosesa inayozibeba bila kulemewa. Sawa, hoja ya usalama naiheshimu.

Lakini sikilizeni hii. Agosti 2021, walipoongeza orodha ya prosesa, waliruhusu prosesa chache za Intel, mojawapo ikiwa ya laptopu ya kizazi cha 7 iitwayo Core i7-7820HQ. Inakaa wapi? Ndani ya Surface Studio 2, kompyuta yao wenyewe, waliyoianza kuiuza mwaka 2018 kwa dola 3,499. Mwenye kompyuta ya dola 3,499 akafunguliwa mlango. Mwenye laptopu ya kizazi hicho hicho aliyoinunua kwa mkopo wa kikundi akabaki nje. Tena wao wenyewe walichapisha njia ya kulizunguka sharti la prosesa, wakaambatanisha onyo kwamba ukiitumia huna haki ya kudai masasisho. Kama mashine inaweza, basi niambie hatari yake, niache niamue mimi mwenye mali. Hapo ndipo ninapokasirika.

Halafu kuna hili la Ulaya. Microsoft wana mpango wa viraka vya ziada kwa watumiaji wa nyumbani hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Unaweza kulipa dola 30, au kutoa pointi 1,000 za zawadi zao, au kukubali mipangilio ya kompyuta yako ihifadhiwe kwenye OneDrive, hifadhi yao ya mtandaoni, na hapo hulipi kitu. Kwa nchi za Eneo la Kiuchumi la Ulaya, baada ya vyama vya watumiaji kubana, Septemba 2025 wakaondoa malipo na sharti la OneDrive. Wanatakiwa tu waingie kwa akaunti ya Microsoft. Laptopu hii ingebaki Ubelgiji ingepata viraka bila masharti hayo. Imevuka bahari, mashine ni ile ile, tundu ni lile lile, masharti yamebadilika. Wazungu wale walipata kwa sababu walikuwa na chama kilichobisha hodi. Sisi wa huku tunanunua mashine hizi kwa makontena, na sijaona chombo chetu chochote cha kumtetea mlaji kikilishika jambo hili. Kingelishika.

Sasa ile hatari niliyosema sitaificha. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilifunga kompyuta dunia nzima, hospitali za Uingereza zikarudisha wagonjwa nyumbani. Kiraka cha kulizuia tundu lile kilikuwa kimetoka Machi, miezi miwili kabla. Na mashine nyingi zilizoumia zilikuwa Windows 7, mfumo ambao wakati huo ulikuwa bado unahudumiwa. Kiraka kilikuwepo. Hakikupakuliwa.

Hapo ndipo penye kidonda chetu, jamani. Nimefungua laptopu nyingi za watu, za wanafunzi, za maduka, na kitu cha kwanza ninachokikuta ni masasisho yamezimwa. Fundi aliyeweka Windows alizima, au mwenyewe alizima kwa sababu yalimla bando. Simlaumu mtu kwa hilo. Ukijiunga GB 1 ya siku, unataka kutuma maombi ya chuo, kompyuta ikaimeza yote kimya kimya kabla hujafungua hata barua pepe, utaizima tu. Lakini maana yake ni kwamba mashine nyingi zinazolia leo kwamba huduma imekoma, zilikoma kuhudumiwa siku zilipotoka dukani. Kwa hiyo kabla hujaihofia tarehe 14 Oktoba, ingia kwenye Mipangilio, fungua Windows Update, angalia tarehe ya sasisho la mwisho. Ukikuta ni la mwaka 2022, tatizo lako lilianza kitambo. Nenda mahali penye Wi-Fi ya ofisi au ya rafiki, iache usiku kucha ivute.

Jingine dogo: EliteBook nyingi za aina hii zilitoka kiwandani na leseni halali ya Windows 10 Pro, imehifadhiwa ndani ya BIOS, ile programu ya kuwashia iliyo kwenye bodi. Ukiweka Windows safi inajitambua yenyewe ikishapata intaneti. Huna haja ya fundi kukuwekea ile programu ya kukraki, ambayo kitu cha kwanza inachokuomba ni uzime kinga ya virusi.

Nimeipima pia na Linux Mint 22, mfumo wa bure kabisa, utakaohudumiwa hadi 2029. Wi-Fi ilishika hapo hapo, sauti ipo, vitufe vya mwanga wa skrini vinafanya kazi, betri inakaa kama ilivyokuwa. Kisoma alama ya kidole hakikufanya kazi kwenye hii yangu. Kwa mwanafunzi, kwa mtu wa kuvinjari, kuangalia video, kuandika na LibreOffice, ningemwekea Mint leo hii na nisingerudi nyuma. Lakini ukiwa mhasibu unayetumia programu ya Tally, au kazi yako ni Photoshop, au unajaza fomu za Excel zenye macro, yaani amri zinazojiendesha, kama zile za mamlaka ya mapato KRA kwa wenzetu wa Kenya, usikurupuke. Ijaribu kwanza kwa kuiwasha kutoka kwenye flashi. Inawaka bila kugusa diski, unaona mwenyewe nini kinakubali na nini kinagoma. ChromeOS Flex, mfumo wa bure wa Google, ipo pia, ila bila intaneti inakosa mengi, na kwa bando zetu siipendekezi.

Kwa wanaotaka kununua sasa: kampuni za Ulaya zinatoa mashine zao za kizazi cha 6 na 7 kwa wingi, na nategemea tutaziona nyingi sokoni. Bei ikishuka, mtu wa Linux anunue kwa raha. Lakini ukiuziwa kama mashine ya Windows 11, soma namba ya prosesa kwa macho yako. Core i5-8250U, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ni 8, hiyo ni kizazi cha 8. 6300U ni cha 6. Ukiona 10210U, hiyo ni cha 10. Usitazame jina la modeli peke yake, kwa sababu EliteBook 840 G5 na ThinkPad T480 ziliuzwa pia na prosesa za kizazi cha 7, na kwa nje huwezi kuzitofautisha. Na ikiwa muuzaji kakuwekea Windows 11 kwenye kizazi cha 6, inawezekana na inawaka, lakini ana wajibu wa kukwambia kwamba ameilazimisha.

Mama wa Mbagala tulimfungulia akaunti ya Microsoft kwa simu yake, tukamwandikisha kwenye mpango wa viraka kwa njia ya OneDrive. Huo hauhifadhi picha za wateja wake usipouambia, na GB 5 za bure zinamtosha. Jumamosi narudi dukani kwake na flashi ya Mint, tuijaribu na ile printa yake ya Epson na kazi zake za kila siku, kwa sababu kufika Oktoba 2026 nataka awe ameshazoea. Nitaenda na kamera. Printa ikigoma mtaiona ikigoma.