Kumwimba Rheinberger: Abendlied au Cantus Missae?

Mtunzi Josef Rheinberger (1839–1901), mzaliwa wa Vaduz, Liechtenstein, aliyefundisha muziki Munich, Ujerumani, kwa miaka mingi alikumbukwa zaidi na wapiga kinanda cha kanisa. Nyimbo zake za kwaya zilikaa kabatini.

Abendlied (“Wimbo wa Jioni”) aliitunga akiwa na miaka 15. Ni dakika tatu hivi, bila ala, kwa sauti sita: soprano mbili, alto, tenor (sauti ya juu ya wanaume) mbili na besi. Waimbaji wa tenor ndio mtihani. Wakiwa watatu, ukiwagawa mmoja anabaki peke yake, anakaza koo, na kwaya nzima inashuka ufunguo. Tafuta wanne, au hamisha alto mwenye sauti nzito. Fundisha kwanza kwa silabi “nuu”, polepole. Maneno ya Kijerumani yaje baadaye.

Cantus Missae (1878) ni misa nzima ya Kilatini kwa kwaya mbili za sauti nne nne. Matamshi hayasumbui: irabu ni zilezile tano zetu. Kinachosumbua ni kupokezana. Kwaya zikisimama mbali, upande mmoja husubiri kusikia ndipo uingie, na tayari umechelewa. Wafuate mkono wa mwalimu, si sikio. Kwa waimbaji 16 inawezekana, ila pumzi zitawaishia. Kyrie (“Bwana utuhurumie”, sehemu ya kwanza ya misa) peke yake yatosha.