Nyota mbili kwa fundi wa hedi (nilianza na moja)

Naandika haya hasira hazijapoa, kwa hiyo msome mkijua hivyo. Anayetaka vipimo vya pikipiki yangu, Norton Commando 850, na mwendo wake, habari hizo zimejaa kila mahali. Mimi nina la gereji moja tu ya huku kwetu Uingereza, kati ya Birmingham na Wolverhampton, na katika gereji hiyo nina maneno matatu tu aliyonitamkia mwenyewe mwenye gereji mbele ya wateja wengine wawili. Nitayafikia.

Ilikuwa kabla baridi haijakolea, mwaka juzi au uliotangulia. Ekzosi ya kulia ilianza kupumua pembeni, chu-chu-chu, na nikifunga mafuta kwenye mteremko inapiga baruti hadi watu wa kituo cha basi wanageuka. Anayezijua Norton hizi ameshaelewa. Bomba la moshi halikushikwa na boliti mbili za stadi kama pikipiki za Kijapani. Limeshikwa na nati moja kubwa ya duara, yenye mapezi, inayofungwa moja kwa moja ndani ya hedi, kile kichwa cha injini kinachofunika silinda. Nati ni ya chuma, hedi ni ya alumini, na hapo katikati ndipo panapopita moto wote wa injini. Isitoshe, injini ya Commando imekalishwa juu ya mipira ili mpandaji asitikisike. Kweli hutikisiki, umekaa kama uko kwenye sofa, lakini huko chini injini inacheza ngoma yake peke yake na nati inalegea bila kukuarifu. Ikishalegea, bomba linagonga ndani ya tundu kama mchi kwenye kinu, na sredi za alumini, ile mikato inayoshika nati, zinasagika unga. Siku unayoamua kuikaza, inazunguka tu, haishiki popote.

Jamaa yangu mmoja wa Mombasa, fundi mzuri sana wa Corolla, akaniambia, "Ndugu yangu, paka gundi ya chuma, funga, lala." Nashukuru sikumsikiliza. Nikaifungua hedi mwenyewe jikoni (mama watoto alikuwa kwa dada yake Leicester), nikaifunga kwenye kanga yake moja ya zamani, nati nikaitia kwenye mfuko wa plastiki, nikaenda.

Gereji ni banda la matofali nyuma ya nyumba za watu, hakuna hata kibao. Mzee mwenyewe ana mikono kama makasia. Hakunisalimu. Sawa, huku salamu zina bei, nimeshazoea. Akaifungua kanga taratibu, akaigeuza hedi chini ya taa, akapitisha kidole gumba ndani ya tundu la kulia mzunguko mzima, kisha la kushoto. Akauliza kwa Kiingereza chao cha Black Country, ndivyo wanavyoliita eneo hili, ambacho miaka kumi na mitano bado nakisikia nusu nusu:

"Nani aliyeiua hii?"

Nikamwambia nimeinunua hivyo hivyo.

"Wote husema hivyo."

Basi. Ndiyo maneno yenyewe. Mmoja wa wale wateja akacheka puani. Mtu mzima mimi, nina wajukuu wawili, nimesimama katika banda la mtu na hedi yangu kama mtoto aliyekamatwa na sukari mdomoni. Kwetu Tanga, hata kama fundi anajua umeharibu mwenyewe, atakwambia "vyuma hivi bwana vina mambo," mtacheka, kazi itafanyika. Heshima ya mteja ni sehemu ya kazi. Niliondoka pale nimeshaamua: nyota moja, na hiyo moja ni kwa sababu haiwezekani kutoa sifuri.

Sasa kuhusu kazi yenyewe, nisije nikaambiwa nimedhulumu.

Kazi ni nzuri. Jamani, kazi ni nzuri mno. Sredi zilizokufa amezikereza zote zikaisha, akatengeneza bushi, yaani pete ya kuvika tundu kwa ndani, ya shaba nyeusi, akaipasha hedi kwenye tanuri mpaka alumini ikatanuka, akaitumbukiza bushi ikiwa baridi. Hedi ilipopoa ikaibana yenyewe. Juu ya hapo ametia pini ili bushi isije ikazunguka pamoja na nati siku ya kufungua. Kwa nini shaba nyeusi na si chuma? Kwa sababu ukiipasha moto inatanuka karibu zaidi na alumini kuliko chuma kinavyotanuka, kwa hiyo haiachani na hedi yake injini ikichemka. Haya hakunieleza kwa upole. Nilimuuliza, akajibu kama mtu anayelipishwa kwa kila neno.

Nati ikiingia sasa, unaisikia. Alinishika mkono, naam, alinishika mkono kama mwalimu wa madrasa anayemshikisha mtoto kalamu, akaniwekea nati mdomoni mwa tundu na kunizungushia kinyume, kama ninayefungua. Vidole viwili tu. Ikazunguka, ikazunguka, halafu *tk*. Kadogo sana, unakasikia kwenye ncha ya kidole kuliko kwenye sikio. "Sasa mbele," akasema. Nikaenda mbele na nati ikatambaa ndani kama inayojua njia. Ukilazimisha kabla hujaipata hiyo *tk*, umeshaingia mshazari, na chuma kikipambana na alumini mshindi anajulikana. Akaniambia niende mwendo mfupi, nirudi, nikaze ingali moto, kwa spana yake yenyewe ya mkono mrefu. Halafu nirudie safari ya pili.

Nimefanya hivyo. Tangu hapo ile chu-chu-chu sijaisikia tena. Kwa kazi hiyo peke yake ningempa nyota tano, na ya sita ningeichora kwa kalamu.

Lakini bili! Tulikubaliana pauni 95 kwa tundu moja, la kulia. Nafika kuchukua, nakuta ameshafanya yote mawili na bei ni mara mbili. Nikamwambia sikukuagiza la kushoto. Akasema, "La kushoto lingekufa mwakani, ungeniletea, na mimi ningelazimika kukusikiliza tena." Mteja anaambiwa hivyo? Unamfanyia mtu kazi asiyokutuma, unamlipisha, na juu yake unamwambia hutaki kusikia sauti yake? Nyota zilirudi moja hapo hapo. Nililipa, ndiyo. Ningefanya nini, nimwambie aing'oe bushi?

Mkewe ndiye anayepokea pesa, kwenye meza ndogo karibu na mlango. Yeye ni mtu. Aliniita "bab," watu wa Birmingham humwita hivyo wanayempenda na hata wasiyemjua jina. Mara ya kwanza nilisikia "babu," nikajishika ndevu. Alinipa chai bila kuuliza. Kama nyota zingekuwa za yule mama, kesi ingekwisha mapema.

Na kwa kuwa nimeshafika hapa, acha nimalizie, maana nikiacha mtasema naficha. Ile nati kwenye mfuko wa plastiki. Mzee aliitoa siku ile ya kwanza, kabla hata hajauliza nani aliyeiua hedi, akaiweka mezani chini ya taa. Ile nati ina spana yake. Mimi wakati huo sikuwa nayo. Nilikuwa na tindo na nyundo, na Jumapili moja, na haraka. Mapezi matatu yalikuwa na alama za tindo, nyeupe, mbichi, hazijapata hata kutu. Mwenye macho haambiwi tazama. Na wakati wa kuirudisha sikuzungusha kinyume kutafuta *tk* yoyote, niliingiza nikakaza mpaka ikakataa, nikagonga, ikakubali. Kukubali kwenyewe ndiko huko kulikoniletea baruti kwenye kituo cha basi.

Hata hivyo, si kweli kwamba niliiua yote. Ilikuwa imeshalegea nilipoinunua. Tundu la kushoto sikuligusa kabisa, nalo lilikuwa limekwisha nusu, yeye mwenyewe alisema. Kwa hiyo niliposema nimeinunua hivyo hivyo, upande mmoja nilikuwa nasema kweli. Angeweza kuuliza upande upi. Hakuuliza, alihukumu, na mbele za watu.

Mkiwa na hedi ya aina hii na mko maeneo ya huku, mpelekeeni. Nati zenu mziache nyumbani. Nyota mbili. Tatu mkihesabu chai.

Siku ya kuchukua, hedi ilikuwa imefungwa tena kwenye kanga ile ile, imefuliwa na kupigwa pasi, doa lote la oili limetoka. Yule mama akapitisha kidole kwenye maandishi yake chini, SIRI YA MTUNGI AIJUAYE KATA, akaniuliza, "Hii inasema nini, bab?"

Nikamwambia ni jina la kiwanda. Mzee alikuwa kwenye kerezo, hakuinua kichwa.