Wakala wa ufadhili wa MBA: nyota moja, labda mbili, na nywila yangu bado wanayo

Nyota moja. Nilitaka kuweka mbili kwa ajili ya mwalimu wao wa GMAT, ule mtihani wa kuombea vyuo vya biashara, ambaye nitamfikia, lakini kila nikiikumbuka ile simu kidole kinarudi kwenye moja.

Ni ofisi ya hapa Dar inayojinadi kwamba itakutafutia ufadhili wa MBA, yaani shahada ya uzamili ya biashara, nje ya nchi, kuanzia kuchagua chuo hadi kupanda ndege. Jina silitaji. Mimi nina ugomvi nao mmoja mkubwa, na ni huu: akaunti ya maombi wanaifungua kwa baruapepe ya ofisi. Siyo yako. Ukihoji unaambiwa ndio utaratibu, eti wakufuatilie kwa urahisi.

Maombi ya MBA hayaishii pale unapobonyeza kutuma. Mfumo wa chuo unawatumia kiungo wale uliowataja wakuandikie barua za mapendekezo, na asiyejaza unajulishwa umkumbushe. Baadaye huja wito wa usaili. Halafu, hasa kwa waliokwisha kupata nafasi, huja maelekezo ya fedha: insha ya ufadhili, au fomu ya kueleza mshahara, akiba na madeni yako. Harvard na Stanford wanagawa fedha zao za MBA kwa kupima uhitaji, hawaangalii nani ana alama za kung'aa, kwa hiyo pale fomu hiyo ndiyo ufadhili wenyewe. Vyote hivi vinatumwa kwenye anwani moja iliyosajiliwa, na muda wa kujibu huwa mfupi. Machoni pa chuo, mwenye hiyo baruapepe ndiye mwombaji.

Ujumbe wangu wa insha ya ufadhili ulilala kwenye sanduku la ofisi mpaka dirisha likafungwa. Nafasi ikaja, hela haikuja. Nafasi ya MBA bila hela ni karatasi tu.

Nikapiga simu. Dada aliyepokea, kwa sauti ya mtu aliyekatizwa chakula: "Kaka, si umetulipa tukufanyie? Sasa presha ya nini?" Nikaomba nywila niingie mwenyewe. "Nywila ni ya ofisi." Nikamwambia maombi yana jina langu na pasipoti yangu. Akaniweka pembeni, akarudi na bei: ada ya kuhamisha akaunti, laki na nusu. Ada ya kubadilisha anwani ya baruapepe! Hata kishoka wa stendi angeona haya kidogo.

Kwa aliyenaswa kama hivi, usilipe hiyo ada. Iandikie ofisi ya udahili ya chuo moja kwa moja kutoka baruapepe yako, weka namba ya maombi na ukurasa wa pasipoti wenye picha, omba wabadilishe anwani ya mawasiliano. Fanya hivyo kabla majibu hayajatoka. Kisha kagua na akaunti ya GMAT kwenye mba.com, maana nayo huwa wanaifungua wao, na hapo kuna mtego mwingine: jina. Vyeti vyetu vingi vina mpangilio mmoja wa majina na pasipoti ina mwingine. Jina la usajili lazima lifanane na la pasipoti utakayokwenda nayo. Wao waliandika la cheti cha kidato cha nne. Likibaki hivyo, siku ya mtihani unarudishwa mlangoni na ada imekwenda, na kwa kituo cha mtihani ada ya kawaida inayotangazwa Marekani ni dola 275.

Sasa orodha yao ya wafadhili, ambayo ndiyo bidhaa unayolipia. Juu kabisa wameweka The Consortium, ule mpango wa vyuo vya biashara vya Marekani. Umewekwa kwa raia wa Marekani na wenye ukaazi wa kudumu. Mtanzania mwenye pasipoti ya Tanzania na makazi Mbagala anaingilia wapi? Nilipouliza nikajibiwa nisiwe mjuaji.

Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, nayo ipo, na ni sawa iwepo, lakini waliipachika vibaya. Inalipia masomo ya mwaka mmoja Uingereza. Wao kwenye machaguo wakaandika MBA ya London ya miezi 15 hadi 21, ambayo haiingii kabisa. Kwa MBA Chevening ina kikomo cha ada pia: kwa miaka kilikuwa pauni 18,000, kikapandishwa hadi 22,000. Chuo kinachodai zaidi, tofauti unaitafuta wewe. Hawakuuliza hata kama nina saa 2,800 za kazi, sawa na miaka miwili hivi, ambazo bila hizo huendi popote. Na Chevening haitozi chochote kuomba. Kwenye ankara yangu kulikuwa na "ada ya faili la Chevening".

Neno lao jingine ni "asilimia mia". Asilimia mia ya nini? Ufadhili mwingi wa vyuo vya biashara ni wa ada ya masomo peke yake, tena sehemu. Kwa Uingereza bado kuna tozo ya afya ya pauni 776 kwa mwaka kwa mwanafunzi, viza yenyewe, na fedha za kujikimu ambazo ukizionyesha kwa akaunti yako lazima ziwe zimekaa siku 28 mfululizo. Hela ya kukopwa kwa shangazi ikaingia leo ikatoka kesho haisaidii. Kwa Marekani chuo hakikupi I-20, fomu ya kuombea viza ya mwanafunzi, mpaka uthibitishe gharama za angalau mwaka wa kwanza, na ada ya SEVIS, mfumo wao wa kuwasajili wanafunzi wa kigeni, ni dola 350 nje ya viza. Katikati ya orodha hiyohiyo wamechomeka kampuni ya mikopo ya wanafunzi yenye riba, wakaiita mfadhili. Jamani, mkopo ni mkopo! Aga Khan Foundation angalau utaratibu wake unajulikana wazi kwamba nusu ni ruzuku na nusu ni mkopo.

Kilichokosekana ndicho kinachoniuma zaidi. ABE Initiative, ufadhili wa Japani, haimo, wakati ilitangazwa Yokohama kwenye TICAD V, mkutano wa Japani na Afrika, mwaka 2013 na kundi la kwanza likaondoka 2014, kwa ajili ya vijana wa Afrika hasa, shahada ya uzamili pamoja na mafunzo kazini kwenye kampuni za Kijapani. International University of Japan kule Niigata wana MBA ya Kiingereza. Maombi yanapitia JICA, shirika la misaada la Japani. Haimo pia ile ya Greendale pale INSEAD, chuo cha biashara cha Ufaransa, iliyowekwa kwa waombaji wa nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, Tanzania ikiwemo. Nahisi sababu ni kwamba huko wakala hapati kamisheni. Naweza kuwa nawaonea kwa hilo. Inawezekana hawazijui tu, na sijui lipi ni baya zaidi.

Mwalimu wa GMAT sasa. Huyu ni mtu wa maana, na hapa lazima niwe mkweli. Kipeperushi cha ofisi kinasema "lenga 700". Yeye siku ya kwanza alikikunja akakiweka kando: mtihani wa sasa una alama 205 hadi 805, na zote zinaishia na 5, kwa hiyo 700 haipo duniani. Aliyekuwa na 700 ya zamani leo analingana na 645 hivi. Anafundisha sehemu zote tatu, dakika 45 kila moja, na ile ya takwimu anaipa muda mwingi kwa sababu ndiyo inayowaangusha wahasibu wetu wanaodhani hesabu wanaijua. Anasisitiza uombe raundi ya kwanza, Septemba, au ya pili, Januari, kwa kuwa ikifika ya tatu vyuo vimeshagawa sehemu kubwa ya fedha. Anaeleza pia kwamba alama za GMAT zinadumu miaka mitano lakini za IELTS, mtihani wa Kiingereza, miwili, hivyo anza na GMAT. Kwa darasa hilo peke yake ningetoa nyota nne. Haya, mbili kwa ofisi nzima, basi.

Halafu nikaona insha. Insha yangu ya uongozi, waliyosema wameipamba, ina aya nzima inayofanana neno kwa neno na ya mwanafunzi mwenzangu wa darasani, hadi kile kikundi cha akina mama wafuga kuku ambacho mimi sijawahi kukiona. Vyuo na wafadhili wanapitisha insha kwenye programu za kukagua wizi wa maandishi. Ikishikwa hawakuulizi nani aliandika, wanafuta. Barua za mapendekezo walitaka kuziandika wao vilevile, na bosi wangu wamfungulie Gmail mpya, wakati vyuo vinapendelea anwani ya kazini na anayejaza ni bosi mwenyewe, kwa kiungo alichotumiwa yeye.

Kwa hiyo ni moja. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, nimeidai, naambiwa mashine mbovu. Anayetaka kwenda, aende kwa mwalimu: lipia darasa la GMAT pekee, dai risiti kabla hujatoka mlangoni, na wakikuomba pasipoti "tukufungulie akaunti", wape nakala ya cheti cha darasa la saba.